Masikio Darini: Kuielewa Filamu ya "Maisha ya Wengine"

Mtoto wa kiume anaingia kwenye lifti na mpira wake mkononi. Ndani amesimama mwanamume mwembamba mwenye jaketi la kijivu, zipu ameifunga mpaka shingoni. Lifti inapanda. Mtoto anamuuliza kama ni kweli anafanya kazi Stasi. Mwanamume naye anamuuliza kama anajua Stasi ni kitu gani. Anajua: ni watu wabaya wanaofunga wenzao, baba yake ndivyo alivyosema.

"Aha. Na anaitwa nani..." Swali linamtoka mwanamume kwa mazoea ya miaka mingi, kisha linakwama. Mtoto anasubiri amalizie. Anaitwa nani nani? Mwanamume anameza mate, anauliza mpira unaitwaje. Mtoto anamshangaa: mipira haina majina.

Tukio hilo halifiki hata dakika moja, na mtu akiinamia simu yake kidogo limeshampita. Lakini jina la baba lingetajwa pale, pengine kesho yake lingekuwa juu ya jalada la faili. Mwanamume yule ni Kapteni Gerd Wiesler, mhoji hodari, mwalimu wa wahoji wengine, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tunamwona akiwa na swali asilotaka lijibiwe.

Filamu yenyewe ni Das Leben der Anderen, yaani Maisha ya Wengine. Ilitoka Ujerumani mwezi Machi 2006, na mwanzoni mwa 2007 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Florian Henckel von Donnersmarck aliiandika na kuiongoza, na ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza. Ina dakika 137, ni ya Kijerumani mwanzo mwisho, haina kufukuzana kwa magari wala bunduki hata moja inayolia. Nimewapa marafiki kadhaa waitazame, na baadhi yao waliiacha baada ya nusu saa wakiniambia hakuna kinachotokea. Nawaelewa. Usipojua mtambo uliomtengeneza Wiesler ulikuwa wa namna gani, unaweza kukaa saa zima ukimwona mtu mwenye hedifoni na usitambue unachokiona. Ndiyo maana naandika.

Hadithi iko hivi. Ni mwaka 1984, Berlin Mashariki, mji mkuu wa Ujerumani Mashariki ya kikomunisti. Georg Dreyman ni mwandishi wa tamthilia anayependwa na wakubwa wa chama tawala, na anaishi na Christa-Maria Sieland, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani. Wiesler anamshuku tangu siku ya kwanza anapomwona ukumbini. Bosi wake, Anton Grubitz, haoni sababu ya kumgusa, mpaka Waziri Hempf anapoagiza Dreyman achunguzwe. Vinasa sauti vinafungwa nyumbani kwake, na Wiesler anahamia darini kusikiliza usiku na mchana kwa zamu. Taratibu anagundua kwamba usalama wa nchi hauhusiki hapo hata kidogo. Waziri anamtaka Christa-Maria, na mwenye mwanamke inabidi aondolewe njiani.

Sasa tuuangalie mtambo.

Stasi ni kifupi cha Wizara ya Usalama wa Taifa ya Ujerumani Mashariki, iliyoundwa Februari 1950. Yenyewe ilijiita ngao na upanga wa chama. Zingatia hilo, maana haikusema ngao ya wananchi. Kuanzia 1957 hadi 1989 iliongozwa na mtu mmoja, Erich Mielke. Mwaka wa mwisho wa uhai wake ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 katika nchi ya watu wasiozidi milioni 17, karibu mtumishi mmoja kwa kila raia 180. Juu ya hao walikuwapo watoa habari wa siri zaidi ya 170,000: majirani, wafanyakazi wenzako, mwalimu wa mtoto, pengine hata mchungaji wa kanisa. Sisi tunawaita mashushushu. Kule kila mmoja alikuwa na jina la bandia, na mara nyingi na hati ya ahadi aliyoiandika kwa mkono wake.

Idadi hiyo inatisha, lakini mbinu zake zinatisha zaidi, na hapo ndipo filamu ilipoupatia ukweli barabara. Miaka ya 1950 watu walikamatwa na kupigwa. Kufika miaka ya 1970 Ujerumani Mashariki ilitaka heshima ya dunia: mwaka 1973 ilijiunga na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1975 ikatia saini makubaliano ya Helsinki yaliyotaja haki za binadamu. Mwandishi akifungwa, habari zinavuka mpaka siku hiyohiyo na aibu inaipata serikali. Basi mwaka 1976 wizara ikatoa mwongozo kwa maofisa wake juu ya kazi iliyoitwa Zersetzung, neno linalotumika kwa kitu kinachooza au chuma kinacholiwa na kutu. Kwa Kiswahili ningesema kummomonyoa mtu. Humkamati. Unampandia uvumi kazini. Unahakikisha anashindwa mtihani asioustahili kushindwa. Unapenyeza barua isiyo na jina ili mkewe aanze kumshuku. Rafiki zake unawachonganisha, kila mmoja amdhanie mwenzake kuwa ndiye shushushu. Mwisho mtu anabaki peke yake, hana jeraha hata moja la kumwonyesha mwandishi wa habari.

Katika filamu Grubitz anamweleza Wiesler kwa furaha juu ya utafiti wa kitaaluma uliogawanya wasanii katika aina mbalimbali kwa tabia zao. Dreyman ni wa aina ya nne, mtu asiyeweza kukaa bila watu na bila mazungumzo. Wa namna hiyo, anasema, usimpeleke mahakamani. Mweke mahabusu peke yake, usimwambie atatoka lini, mlishe vizuri, usimguse, usimpe kisa chochote cha kuja kukiandika baadaye. Baada ya miezi kumi mfungulie. Hataandika tena. Grubitz anasimulia haya kama mtu anayemsifia fundi wake wa nguo. Nikiulizwa ni wapi filamu hii inanitia baridi, nitataja hapo, kabla hata ya chumba cha mahojiano.

Chumba cha mahojiano nacho kiangalie vizuri, kiko mwanzoni kabisa. Mahabusu ameambiwa aweke viganja chini ya mapaja na ananyimwa usingizi. Baada ya saa nyingi anataja jina, na akishatolewa, kitambaa cha kiti alichokalia kinavuliwa na kutiwa ndani ya chupa: harufu ya jasho lake, akiba ya mbwa siku ikihitajika. Wengi huona kama chumvi ya sinema. Si chumvi. Stasi ilikusanya harufu za watu katika chupa za namna hiyo, na baadhi ya chupa hizo zipo hadi leo. Wiesler anawachezea wanafunzi mkanda wa mahojiano hayo. Mwanafunzi mmoja anauliza kama kumnyima mtu usingizi hivyo si ukatili. Wiesler anamjibu kwa utulivu, na kwenye orodha ya majina anaweka alama ndogo ya msalaba pembeni ya jina la kijana. Kalamu inagusa karatasi mara moja tu.

Ninapendekeza uitazame filamu yote kwa kuifuata karatasi. Kila jambo kubwa ndani yake linatokea mtu anapoandika kitu, au anapoacha kukiandika. Christa-Maria anaandika hati ya kuwa shushushu. Dreyman, baada ya rafiki yake aliyepigwa marufuku kufanya kazi kujiua, anaandika makala kuhusu watu wanaojiua nchini mwao, hesabu ambayo serikali ilikuwa imeacha kuitangaza. Makala inakwenda kuchapishwa Ujerumani Magharibi kwa siri. Tatizo ni kwamba Stasi ilitunza sampuli za herufi za mashine za taipu, hivyo barua isiyo na jina iliweza kurudishwa kwa mashine iliyoiandika na kwa mwenye mashine. Ndiyo maana Dreyman analetewa mashine ndogo kutoka ng'ambo ya pili, isiyojulikana na mtu, yenye utepe mwekundu kwa sababu mweusi haukupatikana. Anaificha chini ya kizingiti cha mlango.

Darini nako Wiesler anaandika. Kazi yake ni ripoti: nani kaingia, nani katoka, wamesema nini, saa ngapi. Anapoamua kumkinga Dreyman, hafanyi tendo lolote la kishujaa la kuonekana. Anabuni. Anaandika kwamba Dreyman na wenzake wanatunga tamthilia ya kuadhimisha miaka arobaini ya taifa, na ili ripoti ionekane kamili, inambidi atunge na yaliyomo katika tamthilia hiyo, tukio kwa tukio. Kapteni wa Stasi amegeuka mtunzi. Mwandishi aliye chini hajui kwamba juu ya kichwa chake yupo mwandishi mwingine anayeandika usiku kucha ili yeye aweze kuandika.

Kuna na kipande cha jirani. Mafundi wanapomaliza kutega nyaya, Wiesler anatambua kwamba mama wa mlango wa pili ameona kila kitu kupitia tundu la mlango. Anagonga. Akisema neno moja, anamwambia, binti yake atapoteza nafasi ya kusomea udaktari kesho yake. Anamtaja binti kwa jina. Kisha anageuka na kuagiza yule mama apelekewe zawadi kwa ushirikiano wake. Hiyo zawadi inaeleza mengi. Hofu peke yake haikutosha. Yule mama alitakiwa pia awe amepokea kitu.

Sasa niuguse ugomvi, maana filamu hii ina ugomvi wa kweli na si wa wivu. Hubertus Knabe, aliyekuwa mkuu wa makumbusho yaliyo katika gereza la zamani la Stasi la Hohenschönhausen mjini Berlin, alikataa kuwapa watengenezaji ruhusa ya kupiga picha ndani ya gereza hilo. Hoja yake ni nzito: hakuna ofisa wa Stasi anayejulikana kufanya alichokifanya Wiesler. Waliopita kwenye vile vyumba hawakukutana na kapteni aliyelia, kama Wiesler darini, akisikiliza piano. Kumfanya mmoja wao shujaa ni kuwapa wote msamaha ambao hawakuuomba.

Nimeitafakari hoja hii miaka kadhaa, na naikubali kwa sehemu kubwa. Mtambo uliundwa makusudi ili Wiesler asiwezekane. Kwenye filamu mtu mmoja anafundisha, anahoji, anasimamia utegaji wa vinasa sauti, anasikiliza na kuandika. Katika wizara halisi kazi hizo zilikatwa vipandevipande: kusikiliza kulikuwa na idara yake, kufungua barua kulikuwa na idara yake, mahojiano na idara yake, na maofisa wenyewe walichunguzwa. Mtu mmoja asingepata nafasi ya kudanganya peke yake kwa muda mrefu. Na adhabu? Mwaka 1981, miaka mitatu tu kabla ya hadithi hii kuanza, kapteni mwingine wa Stasi, mtu halisi aliyeitwa Werner Teske, alipigwa risasi gerezani Leipzig kwa kupanga kutoroka na nyaraka. Ndiye mtu wa mwisho kunyongwa au kuuawa kwa hukumu ya mahakama katika nchi ile. Wiesler yeye anashushwa cheo na kupelekwa kwenye chumba cha chini kufungua barua za watu kwa mvuke. Ukijua habari za Teske, unajua filamu imempunguzia kapteni wake mzigo.

Hata hivyo sikubali kwamba filamu inawasafisha Stasi. Inachofanya ni kuuliza swali ambalo mtambo ulijitahidi lisiulizwe: msikilizaji anasikia nini? Wiesler anachora ramani ya nyumba ya Dreyman kwa chaki kwenye sakafu ya darini, chumba kwa chumba, na kuna wakati anasimama ndani ya mistari ile kama mtu aliye nyumbani kwake. Kwake mwenyewe ni ukimya, sahani moja, televisheni. Kule chini kuna ugomvi wa mapenzi, vicheko, vitabu, marafiki. Anashuka kisirisiri, anaiba kitabu cha mashairi ya Brecht, mshairi na mtunzi wa tamthilia wa Kijerumani, anakisoma amelala kwenye kochi. Mwongozaji amesema kwamba wazo la filamu lilimjia kutokana na kisa alichokisimulia mwandishi wa Kirusi Gorky, kwamba Lenin hakutaka kusikiliza mno muziki wa Beethoven aliokuwa akiupenda kwa sababu ulimfanya atake kuwapapasa watu vichwa, ilhali kazi yake ilidai awapige. Filamu nzima ni mtu aliyelazimishwa na kazi yake kuusikiliza muziki huo.

Na hapo Kiswahili kinanisaidia kuona jambo. Jina la filamu linasema "wengine". Sisi tuna neno la pili, "wenzetu". Mwengine ni yule aliye nje yangu. Mwenzangu ni mtu tuliye pamoja naye. Wiesler anapanda darini kusikiliza maisha ya wengine, na anashuka akiwa amesikia maisha ya wenzake. Nionavyo mimi, mapinduzi yote ya filamu ni umbali huo kati ya maneno mawili.

Kinachoniumiza, na sijaona wakikizungumza vya kutosha, ni Christa-Maria. Waziri anamdhulumu kwenye kiti cha nyuma cha gari. Anakamatwa, anatishiwa kwamba hatapanda jukwaani tena, anavunjika, anasaliti, na anakimbilia barabarani na kugongwa na lori bila kujua kwamba Wiesler alikuwa ameshaiondoa mashine ya taipu pale chini ya kizingiti. Mwandishi anabaki na maisha yake, kapteni anabaki na shukrani, na yeye anabaki na jina la bandia ndani ya faili. Martina Gedeck anamwigiza kwa uzito mkubwa, lakini hadithi inamtumia kisha inamwacha. Walioburuzwa kuwa mashushushu kwa njia hiyo walikuwa wengi kuliko akina Wiesler wote unaoweza kuwabuni, na nilitamani filamu ikae naye dakika kumi zaidi.

Msomaji wa Kiswahili asidhani nchi hii ilikuwa mbali nasi. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mara tu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na maghorofa ya Kikwajuni na Michenzani yana mkono wa wataalamu wa nchi ileile. Walikuja walimu, madaktari na wahandisi. Walikuja pia watu wa wizara ya Mielke: Markus Wolf, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wake wa nje, ameandika katika kumbukumbu zake juu ya safari yake ya Zanzibar na msaada walioutoa katika kujenga idara ya usalama visiwani.

Ukuta wa Berlin, uliotenganisha mashariki na magharibi, ulianguka tarehe 9 Novemba 1989. Kwenye filamu habari inamfikia Wiesler kwenye chumba cha chini, katikati ya barua na mvuke, kupitia redio ndogo ya kijana mmoja aliyeadhibiwa kama yeye. Anainuka na kuondoka bila kusema neno. Tarehe 15 Januari 1990 wananchi waliingia makao makuu ya Stasi Berlin. Maofisa walikuwa wamekwisha chana karatasi nyingi, nyingine kwa mikono tu, maana mashine za kuchania zilizidiwa. Yalibaki magunia yapatayo 16,000 ya vipande. Na bado kilichosalimika, ukikipanga kwenye rafu, ni kilomita 111: mstari unaoanzia Nungwi ungeumaliza urefu wa Unguja mpaka Kizimkazi na karatasi zingebaki. Kuanzia Januari 1992 raia aliruhusiwa kusoma faili lake mwenyewe. Maombi yamepita milioni 3. Wapo waliokuta kwamba aliyewachongea ni rafiki wa utotoni, na mwanaharakati mmoja alikuta ni mume aliyezaa naye watoto.

Ulrich Mühe, anayemwigiza Wiesler, alikuwa mwigizaji wa Ujerumani Mashariki na yeye pia alikuwa na faili. Ujana wake aliwahi kulinda ukuta kama askari. Siku tano kabla haujaanguka alisimama mbele ya umati pale Alexanderplatz akasema wazi anachokitaka. Alipoulizwa alijiandaaje kwa nafasi hii, alijibu kwamba alikumbuka. Alifariki Julai 2007, miezi michache baada ya Oscar.

Dreyman naye anasoma faili lake. Kwa miaka aliamini hakuwahi kuchunguzwa, mpaka Hempf, sasa waziri wa zamani, anapomwambia kwa kejeli aangalie nyuma ya swichi za taa nyumbani kwake. Anang'oa waya, unatoka mita kwa mita ukiibandua karatasi ya ukutani. Kwenye chumba cha kusomea analetewa faili lundo kwa kigari. Anasoma ripoti zisizofanana na maisha aliyoishi, tamthilia ambayo hakuitunga, na kwenye ukurasa wa mwisho anaona doa jekundu la kidole. Wino wa utepe. Chini yake namba ya ofisa: HGW XX/7.

Miaka miwili baadaye Wiesler, ambaye sasa anasambaza matangazo mlango kwa mlango, anapita mbele ya duka la vitabu na kuona picha ya Dreyman dirishani. Anaingia, anafungua riwaya mpya, na kwenye ukurasa wa kutabaruku anaikuta namba yake. Muuzaji anamuuliza kama akifunge kama zawadi. Jibu lake ndilo neno la mwisho la filamu, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yanaweza kuliharibu. Ukisema "hapana, ni changu", umeeleza habari ya mteja na kitabu chake basi. Kijerumani chake kinabeba mambo mawili kwa pamoja, anayekinunua na aliyeandikiwa, na kwa bahati Kiswahili kinaweza kuyabeba yote mawili: "Hapana. Ni kwa ajili yangu."